Jinsi ya Kuchora Ramani ya Usafiri wa Umma Inayosomeka: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Kila ninapoletewa ramani ya njia za mabasi au treni niipitie, nakutana na makosa yale yale. Katikati pamesongamana kama uzi uliotatizika, pembeni ni patupu. Majina ya vituo yamekalia mistari. Kituo ambacho abiria anapaswa kubadilisha gari hakitofautiani na kile anachokipita tu. Na karibu kila mchoraji nikimuuliza alianzia wapi, jibu ni moja: alianza kwa kuchagua rangi.

Katika mwongozo huu rangi zinakuja kwenye hatua ya 9. Fuata mfululizo hata pale hatua inapoonekana ya kitoto, kwa sababu kosa la hatua ya 2 halitibiki kwenye hatua ya 8. Utalazimika kufuta na kurudi nyuma.

Kabla hujashika penseli, shika jambo moja. Abiria anayesimama mbele ya ramani ana maswali matatu: nipande ipi, nibadilishe wapi, nishuke wapi. Hakuja kujifunza umbo la mji. Mstari, nukta au neno lisilomsaidia kujibu mojawapo ya maswali hayo linamziba asione lile linalomsaidia.

## Unachohitaji

- Karatasi za miraba (za grafu) za ukubwa wa A3, zisizopungua nne. Ukizikosa, gundisha A4 mbilimbili.
- Penseli laini, kifutio kizuri, rula, na kalamu za rangi tatu au nne. Usichukue zaidi kwa sasa.
- Ramani ya kawaida ya eneo lenyewe, yenye barabara, reli na mito. OpenStreetMap inatosha na ni ya bure, ila sharti uitaje kuwa ndiyo chanzo.
- Orodha ya njia zote, kila moja na vituo vyake kwa mfuatano.
- Simu inayorekodi mahali ulipo, pamoja na daftari dogo.
- Programu ya kuchora kwa vekta (inayohifadhi mistari kama maumbo, si kama nukta), kama Inkscape, ambayo ni ya bure. Achana na programu za kuhariri picha. Mstari uliochorwa kwa nukta za picha hutoka meno meno ukikuzwa, na ukitaka kuusogeza inabidi uuchore upya.
- Printa, hata ya kuazima.
- Watu watano ambao hawajawahi kuiona ramani yako. Waombe mapema, utawahitaji kwenye hatua ya 11.

## Hatua ya 1: Amua ramani itasomewa wapi

Ramani ya kukunja mfukoni, ya ukutani kituoni na ya kwenye simu ni kazi tatu tofauti. Ya ukutani husomwa na mtu aliyesimama hatua moja kutoka ukutani, mara nyingi na wengine wakichungulia mabegani mwake. Ya simu huonekana kipande kwa kipande. Chagua moja, uandike ukubwa wake kwa sentimita juu ya karatasi yako.

Kisha andika sentensi moja ya kazi yake. Mfano: "Ramani hii inamwezesha mgeni kupata njia kati ya vituo vyovyote viwili, mchana, siku za kazi." Sentensi hiyo itakuokoa. Mtu akikuomba uongeze njia za usiku, utaiangalia na kumwambia kwamba hiyo ni ramani nyingine.

Hapo hapo amua jinsi utakavyoonyesha njia zenye magari machache. Basi linalopita kila dakika 10 na lile linalopita asubuhi na jioni tu hayastahili mstari wa unene mmoja. Mstari mnene unamwambia abiria asimame pale, gari litakuja. Ukiutumia kwa njia ya mara mbili kwa siku umempotezea mtu siku nzima. Njia za mara kwa mara zipe mstari mnene, zile za nadra mstari mwembamba.

## Hatua ya 2: Panda kila njia mwenyewe

Orodha za ofisini huwa nyuma ya hali ilivyo barabarani. Vituo vimehamishwa, njia zimekatwa, majina yamebadilika. Dawa yake ni kupanda gari toka mwanzo wa njia hadi mwisho, kwenda na kurudi, simu ikirekodi.

Hivi ndivyo mradi wa Digital Matatus ulivyofanya kabla ya kutoa ramani ya matatu za Nairobi mwaka 2014. Wanafunzi wa chuo kikuu walipanda magari wakiwa na simu mkononi, wakirekodi njia na kila mahali palipokuwa kituo. Zaidi ya njia 130 zilipatikana kwa namna hiyo, katika mfumo ambao haukuwa na orodha moja kamili.

Katika daftari andika mambo manne kwa kila kituo: jina lililo kwenye kibao, jina analolitaja kondakta, njia nyingine zinazosimama hapo, na kama wakati wa kurudi gari linasimama pale pale au mtaa mwingine. Hilo la mwisho watu hulisahau, nalo ndilo linalomfanya mgeni asimame upande usio wake akingoja gari lisilofika.

Jina la kibao na la kondakta likipishana, chukua la kibao, kwa sababu mgeni atalitafuta kwa macho. Kama hakuna kibao, chukua linalotajwa na watu. Usiandike yote mawili.

Umemaliza hatua hii ukiwa na jedwali moja: kila mstari kituo kimoja, na mbele yake namba za njia zinazopita hapo. Vyenye namba mbili au zaidi vitie alama. Ramani yako itajengwa juu ya vituo hivyo.

## Hatua ya 3: Chora ardhi ilivyo, kisha uamue kama utaifuata

Weka karatasi juu ya ramani ya barabara, uchore kila njia kona kwa kona. Mchoro huu hautachapishwa. Kazi yake ni kukukumbusha kipi kiko mashariki mwa kipi, utakapoanza kunyoosha mistari.

Sasa amua: ramani ya mwisho ifuate ardhi, au iwe mchoro ulionyooshwa? Wengi hukimbilia mchoro kwa kuwa unapendeza. Angalia yaliyotokea New York. Mwaka 1972 ilitolewa ramani ya treni za chini ya ardhi iliyobuniwa na Massimo Vignelli: mistari ya rangi iliyopinda kwa nyuzi 45 na 90 tu, kila kituo nukta nyeusi. Ni kazi safi, na hadi leo naitazama kwa heshima. Lakini bustani ya Central Park, ambayo ni ndefu na nyembamba, ilitoka karibu mraba. Maji hayakuwa ya buluu. Na kituo cha mtaa wa 50 kwenye Broadway kilichorwa magharibi mwa kile cha Eighth Avenue, ilhali kiko mashariki yake.

Watu wa Manhattan, kitovu cha mji huo, wanaijua mitaa yao kwa namba na wanajua upande ilipo. Ramani iliyopingana na wanachokijua ilipoteza imani yao. Mwaka 1979 ikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na ramani ya kampuni ya Michael Hertz iliyofuata ardhi kwa karibu zaidi, nayo ikadumu zaidi ya miaka 40. Mwaka 2025 mamlaka ya usafiri ya mji huo ikarudi tena kwenye mchoro ulionyooshwa.

Mimi nimechukua kanuni moja kutoka hapo, na sijawahi kujuta kuifuata: umbali unaweza kuurefusha na kuufupisha, lakini upande usiuguse. Kilicho mashariki ya kingine kibaki mashariki. Kilicho ng'ambo ya mto kibaki ng'ambo.

Kama mtandao wako una njia chache na mitaa inayoeleweka kwa urahisi, fuata ardhi. Kama una njia nyingi zinazokutana sehemu ndogo ya katikati, nyoosha. Hatua zinazofuata ni za anayenyoosha.

## Hatua ya 4: Tafuta uti wa mgongo, uulaze kwenye miraba

Harry Beck alikuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi katika reli za chini ya ardhi za London. Mwaka 1931 alichora rasimu yenye mielekeo mitatu tu: mlalo, wima na mshazari wa nyuzi 45. Ilikataliwa kwanza, kisha ikachapishwa Januari 1933, na ndiyo asili ya michoro mingi unayoiona leo. Sababu ya kufaa kwake ni ya macho. Mstari ulionyooka jicho linaufuata bila kazi, na kila unapopinda jicho linasita. Kwa hiyo lengo lako katika hatua hii ni kupunguza kona.

Fanya hivi:

1. Angalia jedwali lako, utafute njia inayogusa vituo vingi zaidi vya kubadilishia. Huo ndio uti wa mgongo.
2. Ichore ikiwa imenyooka kabisa, mlalo au wima, katikati ya karatasi ya miraba. Kona moja inaruhusiwa, mbili kwa shida.
3. Weka vituo vyake vya kubadilishia kwanza, ukiviachia nafasi ya kutosha. Vya kawaida viache kabisa.
4. Ongeza njia ya pili kwa wingi wa makutano, kisha ya tatu. Kila unapoongeza, linganisha na mchoro wa hatua ya 3 kuhakikisha pande hazijageuka.

Kama mtandao una njia ya mzunguko, anza na hiyo. Moscow, njia ya mzunguko huchorwa duara kamili ya kahawia, na njia nyingine nyingi zinapita ndani yake kama spoku za gurudumu. Abiria akishaiona duara anajua yuko ndani au nje, na hilo peke yake ni nusu ya safari.

Onyo: nyuzi 45 ni msaidizi wako, usizifanye bwana wako. Kuna njia ambazo ukizilazimisha kwenye mielekeo mitatu zinageuka ngazi, kona sita mahali ambapo mkunjo mmoja laini ungetosha. Mwanasaikolojia Maxwell Roberts aliwapima watu kwa ramani ya metro ya Paris iliyochorwa kwa mikunjo mitupu, wakapanga safari haraka kuliko kwa ile ya pembe. Reli za Paris zinajipinda mno, pembe zikawa zinaongeza kona badala ya kuzipunguza. Kwa hiyo hesabu kona za kila njia uziandike pembeni. Njia yenye kona zaidi ya nne ijaribu upya kwa mwelekeo mwingine au kwa mkunjo.

## Hatua ya 5: Panua katikati, bana pembeni

Katikati ya mji vituo viko karibukaribu na njia ni nyingi. Nje ya mji vituo viko mbalimbali na njia ni moja. Ukifuata skeli, mahali panapohitaji maelezo mengi panapata karatasi ndogo. Geuza: vituo vya nje vipangwe kwa nafasi sawa na fupi, vya katikati vipate nafasi pana.

Kipimo ninachotumia ni urefu wa jina. Andika jina refu kuliko yote ya katikati kwa ukubwa halisi wa herufi, upime. Hakuna vituo viwili vya katikati vitakavyokaribiana kiasi kwamba jina hilo lisienee kati yao.

Upanuzi huu una gharama, lazima uijue. Vituo vya Covent Garden na Leicester Square mjini London vimeachana kwa takriban mita 260. Kwenye mchoro pengo lao ni kama mapengo mengine, na wageni hulipa nauli kwa safari ambayo wangeitembea kwa dakika chache. Utafiti wa Zhan Guo uliotolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba abiria wa London, wakichagua kati ya njia mbili, huongozwa na urefu unaoonekana kwenye ramani kuliko muda halisi wa safari. Mchoro wako utawapeleka watu huku au kule, kwa hiyo vituo viwili ambavyo mtu anaweza kutembea kati yake kwa dakika tano au pungufu viunganishe kwa mstari wa vitone na uandike dakika zenyewe.

## Hatua ya 6: Panga mistari inayokwenda bega kwa bega

Hapa ndipo ramani za mabasi hufia, kwa hiyo twende taratibu.

Chukua mfano. Njia za 4, 5 na 6 zinatoka Kituo Kikuu zikielekea kaskazini kwa barabara moja hadi Darajani. Hapo ya 4 inakata kushoto, ya 6 inakata kulia, ya 5 inaendelea mbele. Mchoraji mwenye haraka atazipanga kwa namba au kwa rangi zinazopendezana, tuseme 6, 4, 5. Zikifika Darajani, ya 6 italazimika kuzivuka mbili nyingine ili iende kulia. Jicho la abiria linaona fundo na kudhani hapo pana jambo, kumbe hakuna.

Anza mwisho, urudi nyuma. Simama Darajani kwenye mchoro, uulize nani anakwenda wapi. Anayekata kushoto akae kushoto toka mwanzo, anayekata kulia akae kulia. Mpangilio ni 4, 5, 6, na hakuna mstari unaovuka mwingine.

Wakati mwingine mwisho mmoja unataka 4, 5, 6 na mwisho wa pili unataka 5, 4, 6. Basi kuvukana hakuepukiki, lakini kufanyike mara moja tu. Mahali pake ni kwenye kipande kirefu kilichonyooka, mbali na kona, mbali na kituo, mbali na jina. Kukifichwa chini ya alama ya kituo, abiria atatoka upande wa pili akiwa ameshika mstari usio wake.

Kisha kona za mistari iliyoungana. Hili ni dogo kwa maandishi lakini linaonekana toka mbali. Mistari mitatu yenye unene wa milimita 3 ikipinda pamoja, wengi huipa yote mkunjo mmoja, na nafasi nyeupe zinafunguka kati yake kama meno yaliyong'oka. Mikunjo yote inapaswa kuwa na kitovu kimoja. Ukipima hadi katikati ya kila mstari, wa ndani ukiwa na nusu kipenyo cha milimita 6, unaofuata uwe 9, wa nje 12. Yaani ongeza unene wa mstari mmoja kila unapotoka nje. Ichapishe kona moja uiangalie: mistari ikigusana sawasawa toka mwanzo wa mkunjo hadi mwisho, umepatia.

## Hatua ya 7: Weka vituo, na uvipandishe cheo vya kubadilishia

Tumia alama mbili tu. Kituo cha kawaida kipewe kijimstari kifupi kinachotoka upande mmoja wa njia. Kituo cha kubadilishia kipewe duara nyeupe yenye ukingo mweusi, kubwa kuliko unene wa mstari. Kijimstari kina faida ambayo nukta haina: kinaelekeza kwenye jina lake. Toleo la Beck la 1933 lilitumia vijimstari hivyo kwa vituo vya kawaida, na bado vinatumika London.

Njia tatu zikikutana, duara irefushwe iwe kama kidonge kinachogusa mistari yote mitatu. Njia inayopita hapo bila kusimama isiguswe na kidonge. Nimeona ramani ambapo kidonge kimelala juu ya mistari minne, kumbe mmoja ni wa basi la moja kwa moja lisilosimama kabisa.

Kuna aina mbili za kubadilisha, na usizichanganye. Ya kwanza, unashuka na kupanda pale pale. Ya pili, unatoka, unavuka barabara au unatembea hadi kituo jirani. Ya kwanza ni kidonge kimoja. Ya pili ni duara mbili zilizounganishwa kwa mstari mwembamba, na kila moja ibaki na jina lake.

Pale mistari miwili inapovukana bila kituo, kata kidogo mstari wa chini, uache uwazi mweupe kila upande wa ule wa juu, kama barabara inayopita chini ya daraja. Kwa nini, utaliona kwenye hatua ya 11.

## Hatua ya 8: Andika majina

Majina yote yalale mlalo. Mtu akilazimika kupinda shingo, ataruka jina. Kwenye njia ya wima hili ni rahisi: majina yote yanakaa upande mmoja, yameanza kwenye mstari mmoja. Kwenye njia ndefu ya mlalo majina hugongana. Yapandishe na kuyashusha kwa zamu, moja juu, moja chini, au urudi hatua ya 4 uifanye njia hiyo mshazari. Kurudi kunauma, lakini mara nyingi ndilo jibu.

Herufi kubwa iwe ya kwanza tu, zinazofuata ziwe ndogo. Jina lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu huwa kama tofali, na matofali yanafanana. Chagua fonti moja isiyo na vikia (vijimstari vidogo kwenye ncha za herufi), unene wa kawaida kwa vituo vya kawaida na mzito kwa vya kubadilishia. Jina halikai juu ya mstari, hata wa njia ya nadra, hata kwa herufi moja.

Kama wasafiri wako wana lugha mbalimbali au wengine hawasomi, jina peke yake halitoshi. Tokyo waliongeza msimbo wa herufi na namba mwaka 2004. Ginza kwenye laini ya Ginza ni G09, Ueno ni G16. Asiyejua herufi moja ya Kijapani anatoa 9 kwenye 16 na kujua atashuka cha saba. Mexico City walitangulia kwa njia nyingine: toka metro yao ilipofunguliwa mwaka 1969, kila kituo kina picha yake, kazi iliyoongozwa na Lance Wyman. Chapultepec ni panzi, kwa kuwa jina lenyewe kwa Kinahuatl linataja kilima cha panzi. Mtoto asiyejua kusoma anaambiwa "shuka penye panzi" na anashuka.

## Hatua ya 9: Sasa, rangi

Hadi hapa ramani yako ni nyeusi na nyeupe, na inapaswa kuwa inasomeka hivyo. Kama haisomeki, rangi hazitaiokoa.

Njia zikiwa chini ya kumi, kila moja ipate rangi yake. Zikizidi, jicho linaanza kuuliza: hii ni zambarau au pinki iliyokolea? Hapo rangi zipewe shina, yaani barabara au reli kuu, na njia zitofautishwe kwa namba. New York ilihamia mtindo huo mwaka 1979. Njia za 1, 2 na 3 ni nyekundu kwa sababu zinatumia shina moja Manhattan, na za 4, 5 na 6 ni kijani. Ramani ya Nairobi ya 2014 nayo ilizikusanya njia kwa barabara kuu zinazotoka katikati ya mji. Mtandao wa mabasi karibu daima unahitaji mtindo huu.

Kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban mwanamume 1 kati ya 12 ana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Kwa hiyo usiziweke rangi hizo mbili kwenye njia zinazokwenda sambamba au kuvukana, na andika namba ya njia kwenye kila mwisho na tena kila baada ya vituo vinne au vitano. Chapisha nakala ya kijivu. Kama bado unaweza kuifuata njia yoyote toka mwanzo hadi mwisho, rangi zako ziko salama.

## Hatua ya 10: Mto, ufunguo na tarehe

Weka alama moja au mbili za ardhi, zisizidi. Mto unafaa kuliko zote. Septemba 2009 London waliuondoa mto Thames kwenye mchoro wao ili kupunguza msongamano. Watu walilalamika sana, na Desemba mwaka huo huo mto ukarudi. Ulikuwa unafanya kazi: unamwambia abiria yuko kaskazini au kusini.

Ufunguo wa ramani uwe mfupi. Ukizidi mistari minane, umebuni alama nyingi kuliko zinazohitajika. Chini kulia andika tarehe ya toleo.

## Hatua ya 11: Kaa kimya, utazame kidole

Waite watu wako watano, mmoja mmoja. Mpe kila mmoja ramani iliyochapishwa kwa ukubwa wake halisi na safari tano: moja isiyo na kubadilisha, mbili za kubadilisha mara moja, moja ya kubadilisha mara mbili, na moja inayoishia kwenye tawi la njia. Mwombe afuate kwa kidole huku akisema anachofikiri. Wewe andika sekunde na kila mahali kidole kiliposita. Usisaidie. Usieleze. Ukifungua mdomo mara moja tu, jaribio limeharibika.

Nilipojaribu mojawapo ya ramani zangu za mwanzo, nilimpa mama mmoja wa makamo aliyekuwa hajawahi kupanda njia zile. Kidole chake kilifuata njia ya kijani vizuri, kikafika mahali ilipovukana na ya buluu, kikasimama kidogo, kikageuka na kuifuata ya buluu. Pale hapakuwa na kituo. Mistari ilipishana tu, na mimi nilikuwa nimeiacha igusane. "Si zinakutana hapa?" aliniuliza, na kwa jinsi nilivyokuwa nimechora, zilikutana kweli. Angekuwa safarini angengoja kushuka mahali ambapo gari halisimami. Wawili kati ya wanne waliofuata wakafanya vivyo hivyo. Ule uwazi mweupe wa hatua ya 7 ulizaliwa siku hiyo.

Usiwaulize kama ramani ni nzuri. Katika majaribio ya Roberts ya Paris, ramani ambayo watu waliipenda haikuwa lazima ile waliyoitumia vizuri. Amini sekunde na kidole.

Watu wawili wakikosea mahali pamoja, kosa ni la mchoro. Rekebisha, utafute watu wengine watano, kwa sababu wale wa kwanza wameshaijua ramani. Acha kujaribu pale kundi zima litakapomaliza safari zote bila kugeukia njia isiyo yake.

## Hatua ya 12: Chapisha, na utunze faili

Hifadhi faili la vekta kwa tabaka: mistari, vituo, majina, ardhi, ufunguo. Njia moja ikibadilika, utagusa tabaka mbili tu. Kabla ya kuchapisha nakala nyingi, chapisha moja, uitundike mahali itakapokaa hasa, uisome jioni kwa taa ya pale pale. Kioo cha fremu hung'aa, na rangi ya njano kwenye karatasi nyeupe hupotea kabisa chini ya taa za manjano. Ikikupotea, iongezee ukingo mwembamba mweusi.

Toa PDF kwa ajili ya simu pia, na ujaribu kuikuza hadi jina moja lijaze upana wa skrini. Herufi zibaki kali.

Mwisho, andika orodha ya kila mahali ulipotundika ramani. Toleo jipya likitoka, pita na orodha hiyo mkononi uondoe la zamani siku hiyo hiyo, ukuta kwa ukuta, na uweke tiki.